Antena juu ya gari: wanaotoka Pepa wasiione kama pambo

Njia ya kutoka Pepa kushuka Moba, magari mengi yanapita bila antena. Moja ilivunjwa na matawi, ingine shofere mwenyewe aliitosha ili afunge mizigo vizuri. Wengi wanaona ni pambo tu. Lakini huku Marungu kuko sehemu ambazo rezo ya simu inakosa kabisa. Mvua ikikata daraja ao njia ikiwa haina usalama, tangazo la redio linaweza kuwa ndilo pekee linalomfikia shofere mwenye watu kumi na tano nyuma ya gari.

Kwa nini juu ya paa? Gari ni sanduku la chuma, na chuma kinazuia mawimbi. Ndio maana posti ndogo ukiiweka ndani inaanza kukwaruza. Juu ya paa antena iko wazi pande zote, tena bati ya paa inasaidia, inafanya kazi sawa nusu ya pili ya antena. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa metre 3, na robo yake ni sentimetre 75: ndio fimbo ya kawaida. Ile fupi ya umbo la pezi la samaki inategemea kifaa cha kukuza mawimbi. Mjini inatosha, mbali na mnara inachoka haraka.

Tusidanganyane, hakuna antena inayotoboa mlima. FM inasafiri karibu moja kwa moja: kileleni unasikia, bondeni inapotea. Zile fimbo ndefu zinazobembea mbele ya magari ya mashirika ya kiutu ni za mawimbi mafupi, ambayo anga ya juu inayarudisha chini. Yanafika mamia ya kilometa bila mnara, lakini yanahitaji mashine yake.

Sasa, jambo linalopotezea watu pesa. Kama gari yako ilitoka Japani, mara nyingi posti yake inashika FM kuanzia 76 mpaka 90 tu. Kwetu redio zinapangwa kati ya 87.5 na 108. Basi redio iliyo juu ya 90 haitasikika hata ukisimamisha antena ya metre mbili! Fundi anakuuzia antena mpya, kumbe ugonjwa uko ndani ya posti. Dawa ni kubadilisha posti, ao kufunga kile kifaa kidogo cha kuhamisha mawimbi kati ya antena na posti.

Na kama fimbo ilivunjika, waya ya kawaida ni afadhali kuliko kukosa kabisa, ila ishike ule uzi wa katikati, isiguse bati. Angalia pia mpira wa chini: ukipasuka maji yanaingia, kutu inakula muunganiko. Kabla ya kuanza safari, washa redio moteri ikiwa imezimwa, kisha uiwashe. Kama mlio unapanda pamoja na moteri, mwambie fundi akaze waya wa bodi kwanza.