Shahada ya mawasiliano isiyo na hesabu ina pengo

SAFU YA ALHAMISI
Na Asha Mwinyimkuu

Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hutoa taarifa ya mfumuko wa bei, na karibu kila mara kosa ni lile lile. Mfumuko ukishuka kutoka asilimia 4 hadi 3, utasikia redioni kwamba bei za bidhaa zimeshuka. Hazijashuka. Zinaendelea kupanda, ila kwa kasi ndogo kuliko mwanzo. Mama aliyetoka kununua sukari Buguruni akiisikia habari hiyo huhitimisha kwamba kuna mtu anamdanganya, na hana kosa kufikiri hivyo.

Huenda mtangazaji huyo ana shahada ya mawasiliano ya umma: miaka mitatu, krediti 360. Kwa hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), krediti moja ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo amesoma saa 3,600. Kwa kadiri ninavyoijua mitaala yetu, kozi za lazima huwa ni nadharia za mawasiliano, sheria na maadili ya habari, stadi za maendeleo, uhariri, utangazaji, na mafunzo kwa vitendo. Takwimu huguswa ndani ya kozi ya mbinu za utafiti, mwanafunzi akajifunza kutengeneza dodoso, basi. Anaweza kuvaa joho bila kuwahi kufungua kitabu cha bajeti ya halmashauri.

Mzizi wa tatizo hili uko sekondari. Wengi wanaoingia fani hii wametoka tahasusi za sanaa za HKL, HGL au HGK, na hesabu waliiaga kidato cha nne, tena kwa furaha. Sifa za kujiunga haziwarudishi huko: masomo mawili ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4, na mlango umefunguka. Sina ugomvi na sifa hizo. HKL imetupa waandishi hodari, na sitaki wafungiwe mlango. Ugomvi wangu ni kwamba chuo kinampokea kijana anayeogopa namba, kinamlea na hofu hiyo miaka mitatu, kisha kinampeleka Dodoma kuripoti Bunge la bajeti.

Hata nadharia tunazowakaririsha zilizaliwa kwenye namba. Kila mwanafunzi wa mawasiliano anawajua McCombs na Shaw, waasisi wa nadharia ya vyombo vya habari kupanga ajenda. Wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 1968 walikwenda kwa wapigakura 100 wa Chapel Hill ambao walikuwa hawajaamua, wakawauliza mambo gani yanawagusa zaidi, wakalinganisha majibu na uzito ambao vyombo vya habari viliyapa mambo hayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Mwanafunzi wetu anaueleza utafiti huo kwenye mtihani na kupata A, lakini mwombe arudie zoezi hilo hilo kwa wapigakura wa Temeke uone.

Chukua sensa. Mwaka 2012 tulikuwa 44,928,923; mwaka 2022 tukawa 61,741,120. Ongezeko ni asilimia 37. Asiyefundishwa atagawa kwa 10 aandike kwamba tunakua kwa asilimia 3.7 kwa mwaka, wakati kasi halisi ni 3.2, kwa kuwa kila mwaka ongezeko huhesabiwa juu ya watu walioongezeka kabla yake. Tofauti hiyo ya nusu asilimia, kwa idadi ya mwaka 2022, ni watu kama 300,000 kila mwaka. Hao ni watu wa kujengewa madarasa na zahanati.

Au chukua ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ambayo Rais hukabidhiwa mwishoni mwa Machi. Halmashauri ikipata hati safi, mkurugenzi anafanya sherehe na gazeti linaandika kwamba fedha ziko salama. Hati safi inasema tu kwamba hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa. Haisemi kwamba choo cha shule kimejengwa kwa thamani ya fedha iliyolipwa. Jambo hilo liko kwenye kurasa za ndani, kwenye majedwali, na majedwali ndiyo mwandishi anayaruka.

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilileta Bodi ya Ithibati, na kanuni zake zikataka mwandishi awe na angalau stashahada. Vizuri. Lakini tumebishana miaka mingi kuhusu nani awe na cheti, na kidogo mno kuhusu kilichomo ndani ya cheti.

Najua jibu la wakuu wa idara: mtaala umejaa, na wanafunzi watapata sapu, yaani mitihani ya marudio. Mtaala umejaa kwa sababu nadharia zile zile hurudiwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Na sapu ya hesabu chuoni ni nafuu kuliko kosa linalosikika nchi nzima. Sidai kalkulasi. Nadai asilimia, wastani, sampuli, kusoma bajeti na hesabu zilizokaguliwa, vifundishwe na mtu wa takwimu akishirikiana na mhariri, kwa mifano ya Tanzania.

Vyuo vyetu vya umma vimekuwa vikihuisha mitaala kwa fedha za mradi wa elimu ya juu wa HEET, dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Nafasi ipo. TCU na wakuu wa shule za habari, iwekeni kozi hii kuwa ya lazima, krediti 12 tu kati ya 360, na asiyeifaulu asihitimu.