Mikono Juu ya Usukani



Juma lililopita alitujia ofisini mama mmoja wa Ngamiani, Tanga, aliyekuwa amefika Dar es Salaam kumwuguza dada yake. Hakuja kwa shauri la mahari wala la mkwe, kama wajavyo wengi wanaotaka nasaha katika safu hii. Alitoa simu yake mkobani, akatuonesha picha ya mwanawe wa pili, ambaye kwa miaka kadhaa sasa yuko Columbus, jimbo la Ohio, nchini Marekani, akiendesha teksi usiku.

"Wanangu," alituambia, "huyu kijana amenunua bastola. Asema ni halali kwa sheria ya huko, na huivaa kiunoni, ndani ya shati. Wezi siwaogopi kama ninavyoiogopa siku askari atakapomsimamisha barabarani. Nimwambie nini?"

Tulimwomba siku chache tufikiri. Tuliona kwamba swali hilo si lake peke yake. Wapo katika jamaa zetu wengi walio na mtoto, ndugu au shemeji katika majimbo ya Marekani, na wako huko pia ndugu zetu wa Kongo wazungumzao Kiswahili, waliopokelewa kama wakimbizi. Baadhi yao huendesha magari usiku, na baadhi wamefanya kama alivyofanya kijana huyu. Ikiwa ni jambo jema au baya mtu kubeba silaha, hilo ni mjadala wa siku nyingine. Leo tunashughulika na dakika zile chache ambazo taa za buluu na nyekundu zinawaka nyuma ya gari, na aliye kwenye usukani ana bastola halali kiunoni.

Yatupasa kwanza tuifahamu nchi yenyewe. Haki ya raia kumiliki silaha imo katika Katiba ya Marekani tangu mwaka 1791. Mwezi Juni 2022 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba haki hiyo haiishii mlangoni mwa nyumba, bali mtu anaweza kubeba bastola nje kwa ajili ya kujilinda. Katika Ohio, tangu tarehe 13 Juni 2022, mtu mzima aliyetimiza miaka 21, ambaye sheria haijamkataza, anaweza kuibeba bastola iliyofichwa hata bila kibali. Hapa kwetu bastola ni jambo la wachache, nayo haipatikani ila kwa leseni. Trafiki wetu akisimamisha gari hawazi kwamba dereva ana silaha. Askari wa kule huliwaza kila mara aliendeapo dirisha la gari asilolijua, na mkono wake hauko mbali na bastola yake mwenyewe.

Hapa ndipo adabu tuliyolelewa nayo inapoweza kumponza mtoto wetu. Kwetu, trafiki akinyosha mkono, madereva wengi husimama kando, hufungua mlango, hushuka, hutoa salamu na kumwendea. Tunaona ni heshima kutomwacha mtu mzima atufuate juani. Kule, dereva anayeshuka bila kuambiwa na kumwendea askari huonekana kama mtu anayekuja kwa shari. Naye anayeinama haraka kutafuta leseni ndani ya droo ya dashibodi, kwa nia njema ya kutomchelewesha afande, huonekana kama anayetafuta silaha. Wazee walisema, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Sheria ya Ohio imeyaandika haya waziwazi: mwenye bastola iliyojazwa risasi ndani ya gari, akisimamishwa, abaki garini, aweke mikono mahali inapoonekana tangu askari anapoanza kumkaribia, na asiiguse silaha, ila akiagizwa vingine na askari mwenyewe. Kuyakiuka ni kosa la jinai.

Hofu ya mama yule ina sababu. Tarehe 6 Julai 2016, katika mji wa Falcon Heights, jimbo la Minnesota, askari alilisimamisha gari la Philando Castile, kijana wa miaka 32 aliyekuwa msimamizi wa jiko katika shule ya watoto. Alikuwa na kibali cha kubeba bastola, na alikuwa nayo. Ndani ya gari alikuwamo mchumba wake, na katika kiti cha nyuma binti mdogo wa mchumba huyo, mwenye umri wa miaka minne. Askari aliomba leseni na bima. Castile alitoa karatasi ya bima, kisha kwa sauti ya upole na kwa heshima akamweleza askari kwamba anayo silaha. Askari akamwambia asiitoe. Castile akajibu kwamba haitoi. Katika sekunde chache tu askari alifyatua risasi saba. Mwezi Juni 2017 baraza la mahakama lilimwachia huru askari huyo.

Hatuyasimulii haya ili tumlaumu marehemu. Hakutukana, hakukimbia, na neno lake la kwanza kuhusu silaha lilikuwa la ukweli na adabu. Lakini anayetaka kumnusuru mwanawe hana budi kutazama jinsi dakika ile ilivyokwenda. Amri mbili ziligongana. Ya kwanza ilikuwa "nipe leseni", nayo yahitaji mkono uende mfukoni. Ya pili ilikuwa "usiitoe", nayo yahitaji mkono usiende popote. Habari ya silaha ilifika katikati ya hizo mbili, wakati mikono ilikwisha kuwa na kazi. Kwa maoni yetu, funzo lote limo hapo. Habari ya bastola itangulie, mikono ikiwa imetulia, na mkono usisogee tena mpaka askari aseme.

Kwa hiyo tulimwandikia mama karatasi, naye akatupa ruhusa tuichape hapa.

Kabla hajatoka nyumbani, kijana aweke leseni ya udereva, kibali kama anacho, na karatasi za gari mahali pasipo karibu na bastola. Ikiwa bastola iko kiuno cha kulia, pochi isiwe mfuko wa kulia. Vitu hivi vikae juu, kwa mfano katika mfuko wa kifua au kwenye kifuniko cha kuzuia jua, ili mkono usilazimike kushuka kiunoni. Na bastola ikae ndani ya ala yake, isiyumbeyumbe wala kuanguka.

Aonapo taa za askari nyuma yake, awashe taa ya ishara, apunguze mwendo na asimame mahali penye nafasi na usalama. Azime injini na muziki. Ikiwa ni usiku, awashe taa ya ndani ya gari. Ateremshe kioo. Kisha aweke mikono yote miwili juu ya usukani, vidole vikiwa wazi, na asiiondoe. Asianze kupekua karatasi kabla ya kuombwa. Kama ana abiria, awaambie kwa neno moja nao waweke mikono mahali inapoonekana, wala wasimsaidie kufungua droo.

Askari akifika, salamu iwe fupi. Halafu, kabla ya kuulizwa leseni, aseme taratibu maneno ambayo amekwisha kuyakariri kwa Kiingereza: "Afande, nabeba silaha kwa mujibu wa sheria. Iko kiunoni upande wa kulia. Mikono yangu iko hapa. Ungependa nifanye nini?" Asilitangulize neno "bastola" peke yake. Neno hilo likitoka ghafla na kusikiwa nusu na askari mwenzake aliye upande wa pili wa gari, hugeuka kuwa kengele ya hatari. Aanze na sheria, aje mahali silaha ilipo, amalizie kwa kuomba maelekezo.

Akitakiwa atoe leseni, aseme kwanza: "Iko katika mfuko wa kifua. Naomba ruhusa niitoe kwa mkono wa kushoto." Asubiri jibu, ndipo autembeze mkono polepole. Amri mbili zikigongana, asichague mwenyewe. Abaki na mikono palepale na kuuliza ni ipi aitii kwanza. Akiambiwa ashuke, ashuke, kwa kuwa tangu mwaka 1977 Mahakama Kuu iliruhusu askari kumtoa dereva nje ya gari alilolisimamisha kihalali. Askari akitaka kuishika silaha kwa muda wa mahojiano, aiache iondolewe na askari mwenyewe. Kijana asiiguse hata kwa nia ya kumkabidhi, wala asijaribu kutoa risasi mbele yake.

Yako mambo mawili ambayo vijana wetu hughafilika nayo. Moja ni mipaka ya majimbo. Ohio leo haimlazimishi mtu kusema kwamba ana silaha mpaka aulizwe. Lakini akivuka kwenda Michigan, tuseme amekwenda Dearborn kusherehekea Idi na jamaa, sheria ya huko humtaka mwenye bastola iliyofichwa amwambie askari mara tu anaposimamishwa, na ruhusa ya Ohio ya kubeba bila kibali haimfai kitu. Yaliyo halali asubuhi yanaweza kuwa kosa adhuhuri, katika gari lilelile na siku ileile. Kwa kuwa sheria hizi hubadilika, kijana amwulize wakili kabla ya safari. Nasi twaona kwamba ni salama zaidi kusema mapema kila mahali, hata pale sheria isipomlazimisha.

La pili ni hali ya ukaazi. Aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, sheria ya nchi nzima kwa kawaida humkataza kumiliki bunduki au bastola, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Lakini naye, akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, anaweza kufukuzwa nchini. Raia wa kule akikosea huenda akatozwa faini au kufungwa, kisha akarudi nyumbani kwake. Mtoto wetu aweza kukosa pa kurudi, akawaacha huko mke na watoto.

Mama alituuliza swali moja zito: "Na kama askari ndiye mwenye makosa? Kama amemsimamisha kwa rangi yake au kwa jina lake?" Tulimjibu kwamba hilo hutokea, na kwamba kunyamaza kando ya barabara si kukubali dhuluma. Kijana anaweza kusema kwa upole kwamba haridhii gari lake kupekuliwa, na akisema hivyo asimzuie askari kwa mkono. Anaweza kukataa kujibu maswali ya ziada. Akumbuke namba ya gari la askari, saa na mahali, kisha apeleke malalamiko kwa wakili na mahakamani. Mahakama haifunguliwi kando ya barabara saa nane ya usiku. Anayetaka kushinda kesi yake hana budi kwanza kufika hai mbele ya hakimu.

Tukumbuke pia kwamba dini yetu haikuacha adabu ya silaha bila mafundisho. Mtume wetu (S.A.W.) alimwamrisha apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake, isije ikamdhuru mtu. Hakumwambia kila aliye sokoni ajihadhari na mwenye mishale. Alimwambia mwenye mishale awatulize watu wa sokoni. Nasi tunaona hukumu hiyo yamfaa kijana wa Columbus. Aliyechagua kubeba silaha amejitwisha pia mzigo wa kuiondoa hofu ya wengine, hata hofu ya askari ambaye hakuonesha adabu.

Hatukumdanganya mama yule kwamba karatasi yetu ni hirizi. Castile alikuwa mpole, na upole wake haukumwokoa. Kuna sehemu iliyo mikononi mwa mtoto wetu, na kuna sehemu iliyo mikononi mwa askari, na ya pili hatuna uwezo nayo ila dua. Ndiyo maana ile ya kwanza isipotee kwa uzembe. Na ikiwa kijana, baada ya kuyapima yote haya pamoja na mkewe, ataona kwamba bastola inamwongezea hofu kuliko usalama, kuiacha nyumbani ndani ya kisanduku kilichofungwa, mbali na watoto, hakutampunguzia uanaume.

Tulimshauri jambo moja la mwisho: asimtumie mwanawe karatasi hiyo tu, bali wafanye mazoezi. Ulimi uliojaa hofu hausemi ila ulilozoea kusema. Juzi alitupigia simu kutoka Tanga. Alisema alimkalisha kijana kitini mbele ya kamera ya simu, mikono mbele kama iliyoshika usukani, naye mama akawa askari. Mara ya kwanza, alipoombwa leseni, mkono wa kijana ulikwenda moja kwa moja mfukoni. Mama akapiga kelele, kijana akacheka. Mara ya pili mkono ukaenda tena, na safari hiyo kijana hakucheka. Mara ya tano haukwenda.

"Nitamfanyisha kila Ijumaa baada ya sala," alituambia.

Nanyi wasomaji wenye watoto huko, fanyeni hivyo. Wabillahi tawfiq.