Aliyekwama Katika Wakati: Mchezo wa Redio na Elimu ya Sayansi

Tarehe 21 Septemba 1953 BBC ilianza kutangaza nchini Uingereza mchezo wa redio wa mfululizo ulioitwa Journey into Space, uliotungwa na kuongozwa na Charles Chilton. Wanaume wanne wanaondoka duniani kwa roketi mwaka 1965 kwenda mwezini. Huko wanakutana na vyombo vya viumbe wasiowajua, na baadaye wanajikuta katika dunia ileile waliyoiacha, ila ni dunia ya kale mno, kabla binadamu hajaanza kuandika habari zake. Mahali wanapafahamu, wakati ndio uliowapotea, wala njia ya kurudi hawaioni. Mchezo huo, pamoja na mifululizo iliyoufuata katika miaka ile, hutajwa mara nyingi kuwa ndio wa mwisho nchini humo kupata wasikilizaji wa jioni wengi kuliko watazamaji wa televisheni.

Wako wasomi wanaoona kwamba hadithi za namna hii ni burudani ya watoto, na kwamba mwanasayansi anayejihusisha nazo anapoteza heshima yake. Maoni hayo yanasahau jambo moja. Msafiri aliyekwama katika wakati amenyang'anywa vyombo vyake vyote. Hana maktaba, hana kompyuta, hana umeme. Amebakiwa na macho, vidole vya kuhesabia na yale aliyojifunza. Hali yake haiko mbali na ya mwanafunzi wa shule isiyo na maabara, ambaye amekwisha kuamini kwamba sayansi ni mali ya wenye mashine. Mtunzi akimlazimisha msafiri wake kutafuta tarehe kwa akili yake mwenyewe, mwanafunzi huyo atasikia sayansi ikifanywa kwa vitu ambavyo hata yeye anavyo.

Lakini sharti liwepo. Mchezo wa sayansi uruhusiwe uongo mmoja tu, nao ni ile safari yenyewe. Mengine yote yawe kweli. Hata uongo huo yafaa uwekewe mipaka. Kwenda mbele katika wakati si ndoto. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba saa iliyo katika mwendo huenda polepole kuliko saa iliyotulia, na mwaka 1971 Hafele na Keating walizungusha saa za atomu kuizunguka dunia katika ndege za abiria, wakapata tofauti iliyolingana na hesabu. Sergei Krikalev, aliyeishi angani jumla ya siku 803 katika safari zake zote, amezeeka pungufu kwa takriban sehemu 2 kati ya 100 za sekunde kuliko sisi tuliobaki chini. Mtu huyu, kwa kweli, alipata kukwama kwa namna nyingine pia: aliondoka Mei 1991 akiwa raia wa Umoja wa Kisovyeti, akarejea Machi 1992 wakati nchi hiyo haipo tena na mji wake wa Leningrad umekwisha kubadilishwa jina. Kurudi nyuma ndiko ambako hakuna jaribio lolote lililowahi kukuthibitisha. Mtunzi aseme hivyo waziwazi, kisha aendelee na hadithi yake.

Sasa achukuliwe msafiri wa leo anayeangukia Kilwa Kisiwani katika karne ya 14, mashine yake ikiwa imeharibika. Atajuaje mwaka? Kwanza atasimika kijiti mchangani. Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini na kivuli cha kijiti hupotea. Hapo amepata siku ya kuanzia hesabu. Kisha atasubiri Kilimia, lile kundi la nyota ambalo wakulima na mabaharia wamelitazama tangu zamani, hadi alfajiri ile litakapoonekana tena mashariki kabla ya jua, mnamo Juni. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayokaribia kulala, na huchukua takriban miaka 26,000 kumaliza mzunguko mmoja. Kwa ajili hiyo, kila baada ya miaka 71 hivi, alfajiri ya Kilimia huchelewa kwa siku moja katika mwaka wa jua. Kama msafiri anaikumbuka hesabu ya siku za nyumbani, ataona kwamba Kilimia kimemwahi kwa siku 10 hivi. Siku 10 ni miaka 700. Akikosea alfajiri moja kwa sababu ya wingu, amekosea miaka 71. Na hilo nalo ni somo, kwa kuwa kipimo kisichotajiwa kiasi cha kosa lake hakijakamilika.

Mwaka wenyewe ataupata kwa watu. Siku itakayoenea habari mjini kwamba Sultani al-Hasan bin Sulaiman amempokea mgeni kutoka Maghreb aitwaye Ibn Battuta, atajua kwamba ni mwaka 1331.

Hapa ndipo panapohitajika onyo. Katika riwaya ya Mark Twain ya mwaka 1889 kuhusu Mmarekani anayejikuta katika Uingereza ya kale, shujaa anaokoa roho yake kwa kutangaza kupatwa kwa jua, na umati unaangukia magoti. Watunzi wengi wameiga hila hiyo. Ni hila mbaya, kwa kuwa inaigeuza elimu kuwa uchawi na kuwageuza watu wa kale kuwa wajinga. Katika Kilwa ya mwaka 1331 isingefanya kazi. Jua likipatwa, masheikh wa mji wangeitisha swala ya kupatwa kwa jua, ambayo taratibu zake zilikuwa zimekwisha kujulikana kwa karne nyingi, na msafiri mwenye kupiga kelele angeambiwa anyamaze ajipange safuni.

Redio ina faida nyingine, kwamba sikio halidanganyiki kirahisi likifunzwa. Mtunzi asiyefanya utafiti ataujaza mji wake wa kale sauti za jana. Atampikia msafiri ugali wa mahindi, au atasikilizisha bisi zikidunda chunguni, ilhali mahindi, kama muhogo, mananasi, mapapai na mikorosho, yalitoka Amerika na hayakuweza kufika pwani hii kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kinu kisikike kikitwanga mtama au mpunga, na nazi zikunwe. Kunguru wa India, ambaye kelele zake leo ndizo alama ya miji ya pwani, aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19. Akilia hata mara moja katika mchezo wa Kilwa, msikilizaji mwenye makini ana haki ya kuzima redio. Mashindano ya shule ya kukamata makosa ya namna hiyo yangefundisha botania na zoolojia kuliko vitini vingi.

Kwamba watu hujifunza kwa mchezo wa redio si dhana tupu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Hadi mwaka 1995 eneo la Dodoma liliachwa bila matangazo hayo ili lipate kulinganishwa na maeneo mengine, na matokeo kuhusu uzazi wa mpango yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba mchezo ulichangia kubadili mienendo ya wasikilizaji. Fizikia na elimu ya nyota hazijapewa nafasi kama hiyo kwa Kiswahili, ingawa waigizaji wapo, wataalamu wapo, na gharama ya kijiti ni ndogo.

Jambo moja la utaratibu lisiachwe. Kanda za mwaka 1953 za mchezo wa Chilton zilifutwa, ikabidi hadithi irekodiwe upya mwaka 1958. Na nakala hizo nazo zilidhaniwa kuwa zimepotea mpaka sahani zake zilipogunduliwa mwaka 1986. Sauti za kwanza hazijapatikana. Kituo kitakachokubali mchezo wa Kilwa kipatane na watunzi, kabla ya kipindi cha kwanza kwenda hewani, ni nani atakayehifadhi nakala, na ya pili itawekwa wapi.