Tablete za zamani tuko nazo, silabusi ziko wapi?



Sisi vijana wa Lubumbashi, wenye diplome na bila kazi, tunajua bei ya silabusi. Tulizinunua miaka yote, ju ukikosa kununua, jina lako haliko kwa liste, na mtihani unauingia na woga. Leo wadogo zetu wanapita njia ile ile.

Kati yetu kuko mabishano. Wamoja wanasema tuombe wafadhili mashini za kusomea vitabu, kama Kindle ao Kobo. Wengine wanasema tuanze na tablete za zamani zilizo nyumbani. Sisi tuko upande wa hawa wa pili, lakini tuseme ukweli wote.

Ile mashini iko na uzuri wake. Kioo chake kinakula umeme wakati wa kugeuza ukurasa tu, kwa hiyo chaji moja inaweza kufika majuma. Kwa mtaa unaolala gizani siku tatu, hilo si jambo dogo. Hata juani unasoma vizuri. Tablete yetu inazimika kisha saa chache.

Lakini wanafunzi wetu wanasoma nini? Si riwaya. Wanasoma silabusi: PDF za ukubwa wa A4, nyingine zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na tablo ndani. Kwenye kioo cha sentimeta 15, herufi zinakuwa kama sisimizi. Ukizikuza, unapoteza mstari. Tablete ya sentimeta 25 inakuonyesha ukurasa muzima.

Tena, kusoma PDF hakudai tablete mpya. Toa programu zisizo na kazi, zima intaneti, punguza mwangaza. Faili zinapita kwa Bluetooth ao kwa kadi ya memori, bila kununua mega. Betri ikivimba tu, usiichaji tena.

Na hiyo betri, tukumbuke: zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka huku kwetu Lualaba na Haut-Katanga. Itakuwa haya kama mutoto wa huku anakosa hata kifaa cha zamani cha kusomea.

Lakini hakuna kifaa kitasaidia kama faili yenyewe hatupewi. Walimu wamoja wanakataa kutoa PDF, ju karatasi ndiyo inaleta pesa. Tunajua mishahara yao ni midogo na inachelewa. Hilo ni deni la serikali, si la mwanafunzi.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila silabusi ya chuo kikuu cha serikali itolewe pia kwa PDF, na mutu asifelishwe sababu hakununua karatasi.

2. Serikali ilipe walimu na maasistanti vizuri na kwa wakati.

3. Na sisi wenyewe: kila mwenye tablete inayolala kwenye kabati aitoe. Tutaisafisha, tutaiwekea programu ya kusomea, na tutaipa mwanafunzi asiye nayo.

La tatu tunaanza juma hili. Ya kwanza mbili, wenye mamlaka watujibu.