Kusahihishana katika Andalio la Somo
Wanachuo wanne waandaapo somo moja katika waraka wa pamoja wa kompyuta, aliye mwepesi huyafuta maneno ya wenzake, na andalio hutoka safi. Sisi twauona usafi huo kuwa hasara. Aliyefutiwa hajui kosa lake. Kesho atalirudia mbele ya watoto wa darasa la tatu. Programu ya Google Docs ina hali ya kupendekeza: neno la awali hubaki, limepigwa mstari katikati, jipya huonekana kwa rangi, na mwandishi wake aweza kulikubali au kulikataa. Pembeni na iandikwe sababu (sababu, si “hapana” tupu). Historia ya matoleo huonyesha nani aliandika nini. Mkufunzi naye asitoe alama kabla ya kuisoma.