Mavuno ya Madhabahuni Yasiishie Mnadani

Kila mwaka, mahindi yanapokwisha kukauka na maharage kupigwa na kupepetwa, yaani baina ya mwezi wa Juni na wa Agosti, makanisa ya Mbulu na Hanang huadhimisha Sikukuu ya Mavuno. Na mtu apitaye Dongobesh au Haydom, Endasak au Katesh, Jumapili hiyo huwaona wakubwa kwa wadogo wakielekea ibadani na madebe ya mahindi vichwani, vikapu vya dengu na mbaazi, mafungu ya vitunguu saumu, kuku waliofungwa miguu, na pengine mbuzi avutwaye kwa kamba. Vitu hivyo huwekwa mbele ya madhabahu, huombewa, na baada ya baraka hutolewa nje kupigwa mnada. Mwenye fedha hununua, mwenye furaha hupandisha bei kwa shukrani, na jioni mtunza hazina hufunga hesabu zake. Hoja yangu ni kwamba sehemu ya mavuno hayo, nayo isipungue nusu ya nafaka yote, haifai kuuzwa siku ile. Yafaa iwekwe ghalani pale pale kanisani, ingoje mwezi wa Januari.

Njaa ya nchi hii ina majira yake kama mvua ilivyo na majira yake. Mvua zetu huanza kiasi cha mwezi wa Novemba na kukoma Mei, na mahindi huvunwa mara moja tu kwa mwaka. Kwa hiyo nyumba ambayo haikuvuna vya kutosha, au iliyovuna vya kutosha ikalazimika kuuza mapema ili kununua sare za shule au kulipa deni la dawa, aghalabu hufikiwa na dhiki si wakati wa kiangazi, kama wageni wadhaniavyo, bali wakati ambapo nchi yote ni kijani, mashamba yamestawi, na mpita njia akiyatazama husema moyoni mwake kwamba hapa pana neema. Januari, Februari na Machi ndiyo miezi migumu. Bei ya debe huwa imepanda, pengine hata ikafika maradufu ya ile ya Julai, na mtu aliyeuza kwa bei ya chini hurudi kununua mahindi yale yale, kwa mfanyabiashara yule yule, kwa bei ya juu.

Wala dhiki ya miezi mitatu haikomi kwa miezi mitatu. Baba asiye na unga nyumbani huacha palizi ya shamba lake akaenda kufanya kibarua katika shamba la mwingine, ili jioni apate kilo mbili za kusonga ugali. Magugu yakalifunika shamba lake, na mavuno yake ya mwaka huo yakawa yamekwisha kupungua kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Mwingine huuza mazao yangali mabichi shambani, kwa bei aipangayo mnunuzi. Mjane huuza mbuzi wake jike aliye na mimba. Hivyo njaa ya mwaka mmoja huizaa njaa ya mwaka wa pili, na atakaye kuizuia hana mahali pazuri pa kuizuilia kuliko hapo Januari, kwa madebe machache yatakayomwezesha mtu kubaki shambani kwake mpaka palizi iishe.

Tuchukue kwa mfano usharika wenye kaya 200, na kila kaya iweke akiba debe moja. Hayo ni magunia 33 na ziada kidogo. Debe moja la mahindi huweza kuilisha nyumba ya watu sita yapata juma moja, kwa hiyo akiba ile ingezishika nyumba 40 zenye shida kwa majuma matano, na majuma matano ndiyo palizi yenyewe. Aliye na nguvu akope debe Februari na kurudisha Julai debe na kibaba, kibaba kile kikiwa badala ya kile kilichopotea kwa kuliwa na kumwagika. Mzee asiye na mtu, mjane mwenye watoto wadogo, na mgonjwa, hao wapewe bila kudaiwa. Jambo hili si geni kwa wazee wa Kiirakwi, ambao kwao tangu zamani mwenye ng'ombe wengi huwaweka baadhi kwa jirani asiye na kitu, jirani akapata maziwa ya watoto na samadi ya shamba, na ng'ombe akabaki mali ya mwenyewe. Ardhi ya vilimani kule Kainam, iliyolimwa vizazi kwa vizazi bila kuchoka, imesitawishwa kwa samadi hiyo na kwa matuta yaliyotengenezwa na watu waliojua kushikana mikono.

Najua kwamba ghala lina adui zake. Dumuzi, mdudu ambaye watu wengine humwita Scania, alizuka nchini katika miaka ya mwisho ya sabini na ya mwanzo ya themanini, akaja kuwa msiba wa kila kihenge. Na sumukuvu, ambayo huota katika nafaka iliyohifadhiwa ingali na unyevu, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kwa hiyo mahindi ya kanisa sharti yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, yakauke barabara, yachambuliwe punje zilizooza, kisha yatiwe katika mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo humuua mdudu bila dawa. Ghala liwe na chaga za mbao chini, na kufuli tatu mlangoni, funguo zake zikishikwa na watu watatu wasio wa ukoo mmoja. Hesabu isomwe ibadani kama zinavyosomwa hesabu za fedha.

Wako watakaosema kwamba kanisa lina paa la kuezeka na mwinjilisti wa kulipwa, na kwamba fedha za mnada ndizo ziendeshazo mambo hayo. Ni kweli, na ndiyo sababu sikusema mavuno yote. Lakini usharika uwezao kununua vyombo vya kwaya vyenye sauti ya kufika kijiji cha pili hauwezi kusema kwa insafu kwamba hauna nafasi ya magunia 33.

Ghala, hata hivyo, hulijaza tumbo tu, na liko jambo jingine ambalo tumbo lililojaa hulificha. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 kwa sadaka za Wakristo wa Norwei, ilikuwa mahali pamoja kati ya manane duniani palipofanyiwa uchunguzi mkubwa wa utapiamlo wa watoto ulioanza mwaka 2009, pamoja na Bangladesh, Brazili, India, Nepali, Pakistani, Peru na Afrika Kusini. Wataalamu waliwafuata watoto tangu kuzaliwa, wakaona kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Haydom walikuwa wamedumaa walipofika umri wa miaka miwili, na kwamba vijidudu vya tumboni, hata visipoleta kuhara, vina sehemu yake katika madhara hayo pamoja na uhafifu wa chakula. Kwa Tanzania nzima, takwimu za mwaka 2022 zilionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto anyweshwaye uji wa mahindi matupu asubuhi na jioni halii kwa njaa, na mama yake hana habari kwamba ana njaa. Hapa Umoja wa Wanawake wa Kanisa la Kilutheri (KKKT) na WAWATA wa Kanisa Katoliki wana kazi ambayo hakuna baraza la wazee liwezalo kuwafanyia: kuwafundisha mama wachanga kutia dengu, karanga au maziwa katika uji, kuchemsha maji ya kunywa, na kupika sufuria moja ya uji wa namna hiyo kila Jumapili kwa watoto wa shule ya Jumapili, ili mafundisho yaonjwe. Mbaazi na dengu zimejaa Hanang na huuzwa nje, na watoto wa wale wazilimao ndio wadumaao. Jambo hilo linaniumiza.

Tena ghala lisiulize dini. Katika wilaya hizi mbili wamo Wairakwi na Wadatoga, Wanyaturu na Wanyiramba, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda. Wamo Wakatoliki na Walutheri, Waislamu, na washikao mila za baba zao. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80, waliofika kufukua na kupika na kugawa nguo hawakuulizana nani amebatizwa wapi. Ndugu zetu Waislamu hutoa zaka ya fitri kwa kipimo cha chakula, kabla ya sala ya Idi, ili masikini asikose siku ya furaha; mtu akitaka kuona sadaka iliyopangwa wakati wake vizuri, mfano ni huo.

Iko njaa nyingine ambayo debe haliiponyi. Katika miaka ya sabini, Serikali, kwa mkono wa shirika lake la kilimo, NAFCO, na msaada wa Kanada, ilifungua mashamba ya ngano ya Basotu, yapata ekari 100,000 za malisho bora kabisa ya Hanang, na Wadatoga wakaondolewa penye maji, penye majani, na penye makaburi ya wazee wao. Ngano iliyotoka humo ililisha miji. Mfugaji aliyepoteza malisho alipoteza ng'ombe, na aliyepoteza ng'ombe alipoteza chakula. Baadaye baadhi ya ardhi ilirudishwa, lakini jeraha halikufungika. Kanisa ligawalo unga kwa mtu na kunyamaza juu ya ardhi yake limetimiza nusu ya wajibu, na mchungaji au padre aketiye katika mkutano wa kijiji siku mipaka inapopangwa hufanya kazi ya chakula sawasawa na yule ashikaye ufunguo wa ghala.

Imebaki habari ya walio mbali. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia kwamba usharika mchanga wa Antiokia, uliposikia kwamba njaa inakuja, ulikusanya kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake na kupeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi, kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Hawakungoja kutajirika. Kule Kanada makanisa ya madhehebu mbalimbali yaliunda mwaka 1983 chama kiitwacho Canadian Foodgrains Bank, ambamo wakulima wa mtaa mmoja hulima shamba kwa pamoja, wakavuna, wakauza, na fedha zote zikaenda kwa wenye njaa wa nchi nyingine. Mkulima wa Maretadu, huku Mbulu, ana jembe lake na ekari zake. Hakuna kilichomnyima uwezo wa kufanya vivyo hivyo kwa robo ekari.

Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba watu yapata milioni 673 walikuwa na njaa duniani mwaka 2024, na hesabu kubwa namna hiyo huwafanya watu wengi wakae kimya kwa kuona kwamba debe lao ni tone. Kwetu sisi, walio mbali huanzia Kigoma, katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, ambayo imewapokea wakimbizi wa Kongo tangu mwaka 1996, na ambako mwaka 2023 Mpango wa Chakula Duniani ulilazimika kupunguza mgao kwa kukosa fedha. Kusafirisha mahindi kutoka Mbulu hadi Kasulu kungegharimu kuliko mahindi yenyewe, kwa hiyo jirani asaidiwe kwa nafaka na wa mbali kwa fedha: nusu ya mavuno iingie ghalani, nusu ipigwe mnada kama desturi, na sehemu moja katika kumi ya fedha za mnada huo ipelekwe kwa Tanganyika Christian Refugee Service, iliyowahudumia wakimbizi tangu mwaka 1964, au kwa Caritas. Baraza la wazee likutanapo mwezi wa Mei liamue hayo, liagize mifuko na turubai, na kuwachagua washika funguo watatu, maana Julai, madebe yakiwa tayari madhabahuni na dalali amesimama mlangoni, itakuwa kuchelewa.