Nyumba Zijengwe, Lakini Bonde Likaguliwe Kwanza

Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kuwa watu wa Uganda hawahitaji nyumba. Hesabu ya watu ya mwaka 2014 ilionyesha kuwa tulikuwa milioni 34.6, ile ya mwaka 2024 ikaonyesha milioni 45.9. Katika miaka kumi tumeongezeka zaidi ya milioni 11, na wote hao wanataka mahali pa kulaza mbavu zao. Kwa hiyo nisidhaniwe kuwa ni adui wa ujenzi. Ninalotaka kuuliza ni jambo moja tu: ni wakati gani yafaa kukagua kama nyumba mpya zinafuata sheria za kulinda makao ya wanyama na ndege? Je, ni kabla ya msingi kuchimbwa, au ni baada ya mwenye nyumba kuhamia pamoja na mke na watoto wake?

Jibu laonekana kuwa rahisi, lakini mambo yanayotendeka katika mabonde yetu ni kinyume chake.

Tuanze na sheria zenyewe, kwani watu wengi huzilaumu bila kuzijua. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 237, yasema kuwa Serikali huyashika maziwa, mito, vinamasi, misitu ya hifadhi na mbuga za wanyama kama amana kwa faida ya raia wote. Basi amana si mali ya yule aliyeishika, wala hana ruhusa ya kuigawa apendavyo. Kanuni zilizotolewa mwaka 2000 ziliongeza vipimo: kando ya ziwa kubwa kama Victoria ziachwe mita 200, zikihesabiwa toka pale maji yanapofikia yakipungua, kando ya mito mikubwa mita 100, na mito mingineyo mita 30. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 nayo yaagiza kwamba miradi mikubwa ichunguzwe kabla ya kuanza, na Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, ambayo wengi twaijua kwa jina la NEMA, ndiyo inayotoa hati. Hivyo hatuwezi kusema kuwa nchi yetu haina sheria.

Na sheria hizo zamlinda nani? Mtu apitaye barabarani huona mafunjo tu, akadhani kuwa ni pori lisilo na kazi wala mwenyewe. Lakini wenyewe wamo. Korongo taji, ndege wetu wa taifa aliyechorwa katikati ya bendera, hujenga kiota chake kinamasini, kati ya majani na maji. Tangu mwaka 2012 amehesabiwa ulimwenguni kuwa ni kiumbe aliye hatarini kutoweka. Huko ghuba ya Mabamba yuko yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, asimamaye kimya akimvizia kambare-mamba. Ghuba ya Lutembe, iliyopo kati ya Kampala na Entebbe, hupokea makundi makubwa sana ya ndege waikimbiao baridi ya Ulaya. Ghuba hizo mbili ziliandikwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya vinamasi vyenye maana kwa dunia nzima. Tena yuko nzohe, mnyama wa jamii ya swala, ambaye kwato zake ni ndefu ili zimbebe juu ya matope. Na yuko ndege mmoja mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye makao yake ni mafunjo. Viumbe kama hawa hatuwezi kuwaambia wahamie mlimani.

Licha ya hayo, kinamasi humtumikia mwanadamu pia. Maji machafu ya mji wa Kampala hupita katika kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia ziwani, na mizizi ya mafunjo huyachuja. Na katika ghuba hiyo hiyo mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya mji. Tukiua mafunjo, twajinyima chujio letu wenyewe.

Sasa kama sheria zipo na faida yake yajulikana, kwa nini vinamasi vinapungua? Mwaka 1994 vilikuwa asilimia 15.6 ya eneo la nchi yetu. Kufikia mwaka 2008 vilikuwa vimeshuka hadi asilimia 10.9. Mimi naona sababu kubwa ni kwamba ukaguzi wetu hukiangalia kiwanja, wala hauliangalii bonde.

Fikirini jinsi kinamasi kinavyokufa. Tajiri akitaka kujenga nyumba mia mbili kwa mara moja, jambo lake huonekana, na lazima alete maandishi ya wataalamu. Lakini mtu wa kawaida hununua kiwanja cha futi 50 kwa 100. Mwenyekiti wa kijiji hugonga mhuri, malori huleta kifusi, na ukuta husimama. Mwaka ufuatao jirani yake hufanya vivyo hivyo, na mwaka wa tatu jirani wa jirani. Ukimwuliza kila mmoja atakujibu kwamba kiwanja chake ni kidogo, hakiwezi kumdhuru korongo hata mmoja. Na katika kusema hivyo hasemi uongo. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinachojazwa ni bonde lenyewe. Baada ya miaka kumi hakuna aliyelifunga, lakini limefungwa.

Tusidhani kuwa shida hii ni yetu peke yetu. Majirani zetu wa Kenya wana Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946. Imezungushiwa ua pande tatu, na upande wa kusini ukaachwa wazi, ili nyumbu na punda milia wapate kutoka wakati wa mvua kwenda malisho ya Kitengela na Kaputiei, kisha warudi wakati wa kiangazi. Njia hiyo haikuzibwa na jengo moja kubwa. Ilizibwa kidogo kidogo na viwanja, nyua na nyumba za watu wengi, kila mmoja akiwa na karatasi zake mkononi. Kuanzia mwaka 2000 wenye mashamba kadhaa walianza kulipwa dola 4 kwa eka kila mwaka ili wasijenge ua wala wasiuze ardhi yao. Ni jambo la kusifiwa. Lakini twajifunza kwamba kuifungua njia iliyokwisha kuzibwa ni kazi ghali kuliko kuilinda ilipokuwa bado wazi.

Kuna kasoro mbili nyingine. Ya kwanza ni majira. Mkaguzi akienda bondeni wakati wa kiangazi atakuta udongo mkavu, ng'ombe wanalisha, na vijana wanacheza mpira. Ataandika kwamba hakuna kinamasi. Arudi wakati wa mvua, hataweza kuvuka bila kuvua viatu. Ya pili ni mlipaji. Mtaalamu anayeandika habari za athari za mradi hulipwa na mwenye mradi. Sisemi kwamba wataalamu hao si waaminifu. Wengi ni watu wa heshima. Lakini ni vigumu kumwambia mtu anayekulisha kuwa shamba lake halifai. Kwa hiyo hapana budi maandishi hayo yasomwe na mtu mwingine asiyetegemea fedha hiyo, na wanakijiji nao wayasikie kwa lugha wanayoielewa.

Gharama ya kuchelewa tuliiona mwezi wa Juni 2024 katika kinamasi cha Lubigi, upande wa kaskazini-magharibi ya Kampala. NEMA iliwaondoa watu waliokuwa wakiishi humo, na nyumba zikabomolewa. Wako waliosema, "Sheria imefuatwa." Ni kweli, lakini sheria ile iliyofuatwa mwishoni ilikuwapo pia mwanzoni. Ilikuwa wapi matofali ya kwanza yalipoletwa? Mama aliyesimama kando ya godoro lake na masufuria yake hakuandika ramani ya mji, wala hakutia sahihi hati yoyote. Tena mwaka 2014 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba hati za ardhi zilizotolewa vinamasini baada ya Katiba ya 1995 zifutwe. Maana yake ni kwamba wako watu walioambiwa na karatasi moja "jenga", kisha wakaambiwa na nyingine "bomoa". Hapo korongo amekwisha kupoteza kiota, na maskini amekwisha kupoteza akiba yake. Ukaguzi wa namna hiyo haumfai yeyote.

Labda msomaji atanijibu kwamba ukaguzi huchelewesha maendeleo, hula fedha, na huwapa baadhi ya watu nafasi ya kudai chai. Hoja hii ina nguvu, wala sitaki kuipuuza. Lakini chai hudaiwa hasa pale ambapo mpaka haujulikani, na kila kiwanja chahitaji maneno yake. Bonde zima likikaguliwa mara moja, katika majira ya mvua. Mpaka wake ukachorwa, nguzo za saruji zikasimikwa kama ilivyokwisha kufanywa katika sehemu kadhaa za nchi. Ramani ikabandikwa mahali pa wazi ambapo kila mnunuzi aweza kuisoma. Basi mtu wa juu ya mpaka atajenga bila kusumbuliwa, na mtu wa chini yake ataonywa kabla hajatoa shilingi. Ukaguzi mmoja kama huo ni nafuu kuliko mia moja ya viwanja, na ni nafuu mno kuliko tingatinga la kubomolea. Kisha kazi isiishie hapo. Mkaguzi arudi baada ya mwaka mmoja, na tena baada ya miaka miwili, atazame kama masharti aliyoyaandika yametimizwa.

Sasa naomba ruhusa ya kusema nanyi, wakubwa wetu mliosoma hapa kabla yetu. Sote twajua kuwa mmeanza kuchanga fedha za nyumba za walimu, na twashukuru kwa moyo, maana walimu wengine husafiri mbali kila asubuhi. Nimesikia kuwa wako wanaoshauri zijengwe bondeni, chini ya kiwanja cha mpira, kwa sababu ni tambarare na hapana miti ya kukata. Bonde hilo hukaa maji tangu Machi hata Mei, na makorongo huonekana humo. Ombi langu si kwamba nyumba zisijengwe. Ombi langu ni kwamba kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji, mwite mkaguzi mwenye mamlaka, aje mvua ikinyesha, na maneno yake yasomwe mbele ya shule nzima. Akisema bonde lafaa, mimi mwenyewe nitabeba matofali pamoja na wenzangu. Akisema halifai, mlima tunao, ingawa kuchimba msingi wake kutatutoa jasho zaidi.

Tena wengi wenu leo ni wapima ardhi, wahandisi, mawakili na wakuu katika wilaya zenu. Karatasi zinazojaza mabonde hupita juu ya meza kama zenu. Mnapoletewa ramani ya nyumba, msiulize tu kama choo kipo na kama dirisha latosha. Ulizeni pia: ni nani aliyekwenda kulitazama bonde lenyewe, alikwenda mwezi gani, na viwanja vingapi vimekwisha kutolewa humo? Maswali hayo matatu hayachukui hata dakika tano, nayo yaweza kumwokoa mnunuzi ambaye hamtamjua kamwe.

Nasi wenzangu tulio madarasani, siku yetu ya kukalia viti hivyo haiko mbali. Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Mafunjo yakifukiwa hayafufuki upesi, na nyumba ikibomolewa hairudishiwi mwenyewe. Aliye na kalamu ya kuidhinisha na avue viatu kwanza, aingie bondeni. Sahihi yake itafuata baadaye.

Mwanafunzi wa Senior 6